Binti wa mume wangu anauliza kama aliibiwa Korea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi St. Paul, Minnesota, kazi yangu ni kutunza wazee. Mume wangu ni Mzungu wa hukuhuku, alisilimu kabla hatujaoana. Nilimkuta mgane mwenye binti mmoja. Yeye na marehemu mkewe walimwasili binti huyo kutoka Korea Kusini mwaka 2011, akiwa hajatimiza hata mwaka. Nitamwita Emma, ingawa si jina lake. Sasa ana miaka 15.

Marehemu alikuwa mtu wa mipango. Kila kiangazi alimpeleka Emma kwenye kambi ya watoto wa Kikorea, alijifunza kupika vyakula vyao, na mwaka mpya wao ukifika alimvika hanbok, vazi lao la asili, na kumpiga picha. Alipofariki, yote hayo yakasimama. Nikaja mimi na yangu: pilau, maandazi, Idi, kanga. Nisimsingizie mtoto, alinipokea vizuri sana. Kiswahili anakielewa, na kusukuma maandazi ananishinda. Ananiita Mama Salim, kama watu wengine wanavyoniita.

Mambo yalianza kubadilika nilipojifungua huyo Salim. Wageni walikuja kumwona mtoto, na unawajua watu wetu: huyu pua ya mama, huyu macho ya baba, huyu paji la babu yake mtupu. Emma ndiye aliyekuwa akimimina chai. Walipoondoka akaniuliza, "Mimi nafanana na nani?" Nikamwambia unafanana na sisi sote. Akaniangalia, akakusanya vikombe, akaenda kuosha.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba alisoma kwenye simu kwamba rais wa Korea Kusini ameomba radhi kwa watoto waliopelekwa nje, na kwamba kuna walioandikiwa karatasi za uongo. Usiku uleule akatugongea mlango wa chumbani. "Mimi niliibiwa?" Mume wangu akamjibu, "Wewe ulichaguliwa." Emma akauliza liko wapi sanduku lake. Kuna sanduku la plastiki kabatini lenye makaratasi yake, marehemu aliandika kwa mkono juu ya kifuniko jina la Kikorea la Emma. Baba yake akasema utalipata ukifika miaka 18. Tangu siku hiyo wanasalimiana tu.

Shuleni kuna wavulana wanamvutia macho kwa vidole. Na kwetu nako, Shangazi, kwenye shughuli zetu akina mama wanamwita "Mchina wako". Wanasema kwa mapenzi. Idi iliyopita alivua dera, akavaa suruali yake, akaenda kukaa kwenye gari mpaka tulipomaliza.

Mama yangu Tanga ananiambia nisithubutu kumsaidia. Anasema damu nzito kuliko maji, akimpata mama yake atatupa mgongo, na mume wangu lawama atanitupia mimi. Nami najiuliza: nisimame upande wa nani? Nikianza kumpeleka kwenye mambo ya Kikorea, si nitaonekana najifanya marehemu? Nimefikiria hata kuwashtukiza na tiketi za Seoul kiangazi kijacho, pengine roho yake itatulia.

Mama Salim, St. Paul

*

Marahaba mwanangu.

Sanduku lifunguliwe, na lisingoje miaka 18. Karatasi zile ni za Emma kabla hazijawa za mtu mwingine yeyote. Mtoto anayefichiwa karatasi zake anaanza kuamini kwamba ndani yake mna kitu kibaya, hata kama hamna ila cheti cha chanjo na picha ya mlezi wake wa kwanza. Na kwa umri wake, kila mwaka unaopita anajijazia mwenyewe kisichojulikana, kwa msaada wa simu, usiku, peke yake.

Lakini kabla hujamvamia mumeo na maneno yangu, tazama lile sanduku tena. Umeniambia mwandiko wa juu ni wa marehemu. Wewe umeutaja kwa kupita tu, mimi ndipo niliposimama. Nashangaa kama huyo bwana anamficha Emma kitu, au hawezi kufungua kitu alichokifunga mkewe kwa mikono yake. Kwa mwanamume, kusema "subiri ufike miaka 18" ni rahisi kuliko kusema "nikiliona hilo nitalia mbele yako". Basi mwendee kwa mlango huo. Mwambie alifungue yeye kwanza, usiku mmoja, wewe uwepo akikutaka au usiwepo akipenda, asome kila kitu, alie akilia. Kisha mwishoni mwa wiki akae na binti yake walifungue pamoja. Sharti ni moja: asitoe hata karatasi moja. Karatasi ikitolewa leo kwa huruma, ikaja kugundulika akiwa na miaka 25, hakuna radhi itakayotosha.

Sasa hilo swali la kuibiwa. Jibu la "ulichaguliwa" limetolewa kwa nia njema, na wazazi wengi wa huko wamelitumia miaka na miaka. Sikio la mtoto husikia nusu ya pili isiyosemwa: ili mimi nichaguliwe huku, kuna aliyeniacha kule. Angemjibu tu, "Sijui mwanangu, tutasoma pamoja," pengine wasingekuwa wanasalimiana kama wapangaji.

Na ni vizuri ninyi wawili mjue alichokisoma, kwa sababu hakukiokota kwa waropokaji. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: serikali iliyaachia mashirika ya uasili yafanye yatakavyo, watoto wakaandikwa yatima ilhali wazazi wao wako hai, na wengine wakasafirishwa kwa utambulisho wa mtoto mwingine. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Rais Lee Jae-myung akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Mambo haya yana mizizi mirefu. Baada ya vita ya 1950 hadi 1953 walianza kupelekwa watoto wa vita, wengi wakiwa wa askari wa kigeni. Mwaka 1955 mkulima wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha waliwaasili wanane kwa mpigo, na njia ikafunguka. Korea ikatajirika, lakini watoto hawakuacha kwenda: mwaka 1985 peke yake walitoka zaidi ya 8,000. Kwa jumla wanakadiriwa kufika 200,000, wengi wao Marekani, na Minnesota yenu ni mojawapo ya majimbo yaliyowapokea kwa maelfu.

Waliopeleka malalamiko kwenye ile Tume waliondoka Korea kati ya miaka ya 1960 na 1990. Emma aliondoka 2011. Mnaweza kumwambia hivyo, ila msilifanye fimbo ya kumnyamazishia. Wakati wake watoto wengi waliotolewa walikuwa wa wasichana wasio na ndoa. Mwanangu, wewe umekulia Tanga, sina haja ya kukueleza mimba ya msichana wa nyumbani inavyofichwa, anavyopelekwa kwa ndugu wa mbali, mzee anavyokataa kumwona. Korea nako aibu hiyo ilikuwa kali, na msaada kwa mama anayetaka kulea peke yake ulikuwa mdogo. Sheria iliyomtaka mama asubiri siku 7 baada ya kujifungua ndipo akubali kumtoa mtoto, na iliyotaka mahakama ya huko iidhinishe, ilianza kutumika Agosti 2012. Emma alikuwa ameshafika kwenu. Kwa hiyo mkikuta karatasi imetiwa saini mapema mno, au maelezo ya mama ni mistari mitatu mikavu, msishtuke mbele ya mtoto. Mshtuke jikoni.

Mkiwa na karatasi mikononi, tazameni pia kama kuna cheti cha uraia. Watoto waliotoka Korea miaka ile kwa kawaida waliasiliwa rasmi na mahakama ya Marekani baada ya kufika, na kwa sheria ya mwaka 2000 uraia wao ulikuja wenyewe hapo. Cheti hakiji chenyewe, huombwa kwa fomu ya N-600. Wewe ni mhamiaji, unajua karatasi inavyomlinda mtu Marekani. Kuna waliofikishwa huko wachanga, wazazi wakasahau kukamilisha taratibu, wakaja kurudishwa Korea wakiwa watu wazima wasiojua hata kusalimia Kikorea. Emma sheria inamlinda, lakini mlinzi asiye na karatasi humjui utamtafuta wapi siku ya shida.

Kuhusu kumtafuta mama mzazi: huo si uamuzi wako, wala wa mama yako, na hata baba yake hauamui peke yake. Umemwuliza Emma anataka nini hasa? Ameomba sanduku. Hajaomba mama. Inawezekana anataka kujua alizaliwa mji gani, saa ngapi, kilo ngapi, mama alikuwa na umri gani, na aishie hapo kwa miaka mitano. Inawezekana pia anataka kuandika barua kesho. Tangu Julai 2025 kumbukumbu za mashirika ya uasili zimewekwa chini ya Kituo cha Taifa cha Haki za Mtoto cha Korea, na maombi ya taarifa hupelekwa huko. Aliye chini ya umri wa utu uzima anahitaji idhini ya mzazi aliyemwasili. Mzazi huyo kisheria ni mumeo, wewe wa kambo huna saini hapo, na ndiyo maana nimekuambia uanze na yeye. Kituo kikimpata mama mzazi humwuliza kama anakubali. Akikataa au asipojibu, Emma atapewa yale yasiyomtambulisha mtu. Mwambieni hili mapema, kwa sababu mama anaweza kuwa ameolewa na mume hajui kitu, na kimya chake kisije kikamfikia Emma kama kuachwa mara ya pili. Pale ambapo taarifa za familia hazipo kabisa, balozi za Korea huchukua sampuli za vinasaba kulinganisha. Na yote haya huchukua muda, msitegemee majibu ya wiki mbili.

Mama yako Tanga mwambie hivi, kwa adabu zote. Dini yake na yako haimruhusu mtu kumfutia mtoto ukoo wake. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaamrisha waitwe kwa baba zao, kwamba huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Zaidi ya hapo kuna Zaid, aliyelelewa na Mtume mwenyewe: watu walikuwa wakimwita Zaid bin Muhammad, aya iliposhuka akarudi kuwa Zaid bin Haritha, na mapenzi hayakupungua. Mumeo kasilimu, anaweza kulisikia hili kwa sikio jingine kabisa. Emma hujasema kama ni Mwislamu, na mimi sikuulizi. Usilitumie kwake. Hilo ni la watu wazima.

Na huyo bibi anayesema damu nzito kuliko maji, mkumbushe kwamba na mwacha asili ni mtumwa. Tunawafundisha watoto wetu kila siku hilo, tunawapeleka madrasa ya Jumamosi St. Paul wasije wakapotea, tunawalazimisha kula ugali kwa mkono. Kisha Mkorea akiuliza asili yake tunasema ana mdomo.

Unaogopa utaonekana unamwigiza marehemu. Utaonekana hivyo ukianza siku ya pili yake kumvika hanbok na kupachika bendera sebuleni. Usifanye. Ameshapita umri wa kambi za kuchora feni za karatasi, na akina Emma wakishakuwa watu wazima wengi wao husema zile kambi zilikuwa za raha, ila waliporudi nyumbani hakukuwa na mtu mzima hata mmoja mwenye sura kama yao. Hicho ndicho anachokikosa. Uko kwenye mji wenye maelfu ya watu wazima waliopita njia yake hasa: madaktari, walimu, mafundi, wenye watoto wao sasa. Mmoja wao akinywa naye kahawa mara moja kwa mwezi atamfanyia ambacho wewe, mimi na mshauri wa shule hatukiwezi. Akitaka lugha, Concordia Language Villages wana kambi ya Kikorea huko kaskazini karibu na Bemidji, na wanafunzi wa sekondari huenda. Mwonyeshe, mwache achague. Akisema hataki, funga ukurasa.

Kitu kimoja tu ningekuruhusu kukifanya kwa mikono yako, na umwulize kwanza. Siku ya kuzaliwa Wakorea hunywa supu ya mwani, miyeok-guk. Ni supu anayopewa mzazi aliyetoka kujifungua, kama sisi na uji wa pilipili manga, na mtoto huinywa kila mwaka siku yake kwa kumkumbuka aliyemzaa. Mwani wenyewe si ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani wakauuza nje. Huu unauzwa mkavu kwenye maduka ya Kikorea, mweusi, umekunjamana, na usidanganyike na udogo wake: kiganja kimoja kikilowa dakika ishirini kinajaa bakuli. Kata vipande, kaanga kidogo na nyama ya ng'ombe na mafuta ya ufuta, tia kitunguu saumu na sosi ya soya, ongeza maji, acha ichemke taratibu mpaka mwani uwe laini na mchuzi uwe kama wa mifupa. Nyama nunua halali, hakuna kinachozuia. Marehemu huenda alikuwa akiipika, na huenda Emma ndiye anayejua alivyoipika. Mwache akuelekeze. Na kama atasema hiyo ilikuwa yake na mama yake wa kwanza wa hapa, hataki mtu mwingine aiguse, pika pilau.

Kumbuka huyu mtoto amepoteza mama wawili, mmoja asiyemkumbuka na mmoja anayemkumbuka kila siku, na katika nyumba hiyo naona wa kwanza anaogopwa na wa pili hatajwi. Wewe ndiye mama pekee aliye hai anayeweza kuwataja wote wawili bila sauti kutetemeka. Ndiyo nafasi yako. Umeuliza usimame upande wa nani, na mimi sioni pande hapo, naona baba na binti wenye msiba mmoja wanaomboleza vyumba tofauti.

Akina mama wa Idi sasa. Hapa sina upole. "Mchina wako" si mapenzi. Mtu akimwambia mume wako "Msomali wako" mbele yako mwaka mzima, ukamwambia mimi ni Mdigo, akacheka, ungefanyaje? Na huyu asubuhi ametoka shuleni wavulana wakimvutia macho, jioni anakuja kwenu, mahali alipodhani amepona, anakuta jina lilelile kwa Kiswahili. Unajua mwenyewe wazee unaowatunza wanavyokutazama wengine wao, unajua uchovu wake. Basi usimwachie mtoto ajitetee. Waambie wewe, kabla ya shughuli ijayo, kwenye simu, mmoja mmoja, maana ukiwasema hadharani watageuza mzaha: anaitwa Emma, ni binti yangu, asili yake Korea, na asiyeweza kukumbuka amwite mwanangu. Kisha mwambie Emma kwamba umewaambia. Asikie kutoka kwako kwamba uliona alipokwenda kukaa kwenye gari, na kwamba ulipaswa kuinuka umfuate. Kuja shughuli inayofuata iwe hiari yake.

Swali lake la anafanana na nani, mlirudie. Ulimjibu haraka, na hakukuamini. Mwambie, "Sijui unafanana na nani, na najua inauma Salim anapogawanywa pua na macho mbele yako." Na wageni wakianza tena mchezo huo, badilisha mazungumzo, hata kama unaupenda, na mama gani haupendi.

Tiketi usikate. Safari ya kushtukiza kwenda nchi uliyozaliwa, na mama wa kambo, mdogo wako wa kunyonya na baba msiyeongea vizuri, ndani ya hoteli moja, hiyo ni adhabu. Ije baada ya karatasi, na iombwe na yeye. Ziko ziara zinazopangwa mahususi kwa familia za watoto walioasiliwa, zenye mtu wa kutafsiri na mtu wa kukaa na mtoto usiku baada ya siku nzito. Ulizieni hizo kabla ya kujipangia wenyewe. Akisema anataka kwenda na baba yake tu, mwache, wewe baki na Salim, wala usinune. Na wakiweza waepuke Julai, mvua za Seoul mwezi huo hazina mchezo. Msimu wa majani kubadilika rangi ndio mzuri, ila waangalie tarehe za sikukuu ya Chuseok kabla ya kulipa, maana ofisi hufungwa siku kadhaa, treni hujaa, na kama wana miadi Kituoni watakuta milango imefungwa.